Nunua Bati, Usinunue Rangi: Hatua 7 za Kununua Mercedes "Pagoda" Kuukuu

Kama umedhamiria kununua gari la kifahari la zamani, la paa la kukunja, ulifufue kwa mkono wako na mfuko wako, nunua Pagoda. Nazungumzia Mercedes-Benz SL iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1963 hadi 1971, katika matoleo matatu: 230 SL, 250 SL na 280 SL. Jina la utani lilitokana na paa lake gumu la kuvalisha, lililobonyea katikati na kuinuka pembeni. Wazo la paa hilo ni la mhandisi Béla Barényi. Sura ya gari ilichorwa na Paul Bracq. Na usidhani ni pambo la kuendea harusini tu. Mwaka uleule wa 1963, Eugen Böhringer aliikimbiza 230 SL kwenye mbio ndefu za Spa–Sofia–Liège, akaibuka mshindi.

Kwa jumla zilitoka kiwandani 48,912. Ni nyingi kiasi kwamba spea zake zinatengenezwa hadi leo, na ni chache kiasi kwamba kila moja inayookolewa inastahili jasho la mwokozi wake.

Ushauri wangu wote ni mmoja: nunua bati. Injini hufunguliwa ikafungwa, viti hushonwa upya, turubai la paa la kukunja hukatwa jipya. Bati lililooza ndilo linalowamaliza watu, maana gari lisilo na paa la kudumu hupata nguvu zake chini, kwenye sakafu na kwenye vizingiti vinavyopita chini ya milango. Ndiyo maana napendelea gari ambalo halijaguswa. Lililopulizwa rangi harakaharaka ili liuzwe ni mbuzi ndani ya gunia. Lililolala vumbini huonyesha maradhi yake mchana kweupe.

1. Anza na karatasi. Kabla hujafunga safari, mwombe muuzaji namba ya chasisi. Kila Pagoda iliandikiwa kadi kiwandani: namba ya injini, namba ya rangi, aina ya gia, na paa lililokuja nalo. Mercedes wenyewe bado wanazitunza kumbukumbu hizo. Kadi itakuepusha na mengi. Unaweza kukuta 250 SL haina turubai na nyuma ina kiti kidogo, ukadhani turubai limeibwa, kumbe ni toleo la California, lililouzwa bila turubai tangu mwanzo. Ukifika kwenye gari, linganisha namba ya injini na kadi. Tazama pia boneti na kifuniko cha turubai: tarakimu za mwisho za namba ya bodi hugongwa hapo. Zikilingana, vipande hivyo vilizaliwa pamoja.

2. Beba sumaku, lakini jua pa kuibandika. Boneti, milango, mfuniko wa buti na kifuniko cha turubai ni vya alumini, kwa hiyo sumaku haitashika hapo hata gari likiwa zima kabisa. Wanunuzi wageni hubandika sumaku mlangoni, ikadondoka, wakamwita muuzaji mwongo wakati hajadanganya. Ibandike kwenye fenda, kwenye vizingiti na kuzunguka taa za mbele, sehemu ambazo ni chuma. Ikiteleza hapo, chini ya rangi kuna puti. Kisha fungua boneti, utazame ukingo ambapo fenda imeungana na bodi ya ndani. Kiwanda kiliishika fenda kwa nukta za kuchomelea, nazo huacha vishimo vidogo vya mviringo vilivyofuatana kama nyayo za kuku. Vishimo vikikosekana, au ukakuta mstari wa kuchomelea uliosagwa, fenda hiyo ilibadilishwa. Uliza gari liligongwa lini, na nani aliliunda.

3. Vaa ovaroli, ulale chini. Kagua matundu ya jeki, sakafu chini ya zulia, na sehemu ya buti linapokaa tairi la akiba, kwa sababu maji hutuama huko. Halafu fungua na kufunga mlango, ukitazama upana wa uwazi kati yake na fenda. Inua upande huo kwa jeki taratibu, urudie. Mlango ukikwama, au uwazi wa juu ukibana, vizingiti vimeoza kwa ndani na gari linajikunja. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma. Na ukishanunua, mchunguze fundi bodi wako pia. Fundi anayeijua kazi hakati kizingiti kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia tundu la mlango. Asipoweka vyuma hivyo, bodi itapinda na milango haitakaa tena sawasawa.

4. Ulizia gari lilikoishi. Sehemu kubwa ya 280 SL ziliuzwa Marekani. Zilizokaa majimbo makavu kama Arizona na California mara nyingi zina bati zima, ila jua limepasua mpira wa milango, ngozi ya viti na mbao. Zilizokaa kwenye baridi zimepita miaka mingi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma kimyakimya. Chagua la jangwani. Mpira hununuliwa dukani.

5. Hesabu vitu vidogo. Andika kila kinachokosekana: vioo vya taa, mikanda ya kromu, nembo, swichi za dashibodi, vifuniko vya magurudumu, na lile paa gumu lenyewe. Tafuta bei ya kila kimoja, kisha jumla yake uitoe kwenye bei ya gari mbele ya muuzaji. Kromu iliyochakaa ihesabu kama kazi kubwa, maana kila kipande hunyooshwa na kung'arishwa kabla ya kuchovywa upya.

6. Usiwashe injini. Muuzaji akikwambia betri mpya tu itatosha, kataa kwa adabu. Mafuta yanatoka kwenye pampu ya Bosch yenye pistoni ndogo 6, moja kwa kila silinda, na kuifufua pampu hiyo hugharimu maelfu ya yuro. Kutu ya tangi ikifika humo, umeiua. Fungua plagi, tia oili kidogo kwenye kila silinda, uiache ilowe, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana. Safisha tangi, badilisha mipira ya mafuta na chujio, halafu ndipo uwashe. Kama unaweza kuchagua, chukua 250 au 280: krankshafti ya injini yake imeshikwa na beringi 7 badala ya 4, na breki za nyuma ni za diski, wakati 230 ina za ngoma.

7. Piga hesabu ya nchi utakakolipeleka. Ujerumani, gari lililotimiza miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili hupewa namba maalumu za gari la kihistoria. Nyumbani mambo ni tofauti. Kenya inakataza kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Waandikie watu wa forodha, wakujibu kwa maandishi, kabla hujatuma hata senti. Kama jibu si zuri, lifufue huko huko liliko na uliendeshe huko.

Gari likifaulu mtihani wa kadi, sumaku na jeki, mlipe mwenyewe bei yake ya haki, hata kama rangi imepauka na viti vimetoboka. Ukianza kazi, tunza kila kipande cha asili kinachotunzika, kwa kuwa kikitupwa hakirudi. Lililooza vizingiti liache, hata kama unapewa bure.