Fungate Iliyoishia Mlangoni pa Benki

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango uliofungwa, nayo ilieleza kwa adabu zote kwamba benki imesitisha malipo. Aliyesimama akiisoma, mjini Yokohama, Juni 1892, alikuwa bwana harusi wa miaka 26 aliyekwisha kusifika London yote kwa uandishi wake: Rudyard Kipling. Nyuma ya mlango huo zilikuwamo pauni zake 2,000, yaani akiba yake yote duniani. Asubuhi ileile, mvua ikinyesha, aliingia humo akatoa pesa kidogo za matumizi. Meneja akamshauri achukue zaidi, maana usumbufu ni uleule. Kipling akakataa. Alisema yeye hana uangalifu na pesa za mfukoni, acha kwanza akapige hesabu zake, huenda akapita tena mchana.

Mchana akapita, mtu wa ahadi.

Ikabaki kazi ya kumweleza mkewe. Carrie Balestier, Mmarekani, alikuwa mjamzito. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1937 baada ya kifo chake, Kipling anasema habari hizo alimpelekea bibi harusi wa miezi mitatu. Ndoa ilifungwa Januari 18, na kutoka hapo hadi Juni ni karibu miezi mitano. Lakini mtu aliyepoteza pauni 2,000 kati ya asubuhi na mchana asidaiwe hesabu kamili.

Ishara hazikukosekana. Harusi ilifanyika London katikati ya mlipuko wa mafua makali. Kipling anakumbuka kwamba farasi weusi wa kuvuta magari ya maiti waliisha mjini, ikabidi marehemu waridhike na wa kahawia. Wageni kanisani walikuwa wa kuhesabika. Kaka yake bibi harusi, Wolcott, alikuwa amefariki kwa homa ya matumbo wiki chache kabla, hivyo aliyemkabidhi Carrie kwa mumewe ni mwandishi Henry James. Na huko Japani, alfajiri moja ya joto, tetemeko la ardhi liliwatoa maharusi mbio hadi bustanini. Watu wa pwani hapo wangekwisha kumwita shehe asome dua. Hawa walikuwa na tiketi za Thomas Cook za kuizunguka dunia, wakaona ziara iendelee.

Benki yenyewe inafaa kuelezwa, kwa sababu kifo chake kinavutia kuliko fungate. Iliitwa New Oriental Bank Corporation, na ilizaliwa 1884 juu ya kaburi la benki nyingine yenye karibu jina lilelile, iliyoanguka mwaka huohuo baada ya kuwakopesha wakulima wa kahawa wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ugonjwa wa kutu ya majani ulikula kahawa, na kahawa ikaila benki. Wenyewe walipangusa vumbi, wakaongeza neno moja mbele ya jina, wakafungua milango.

Benki za aina hii zilisimama kwenye ngalawa mbili. Mguu mmoja ulikuwa London, ambako pauni ilipimwa kwa dhahabu; mwingine ulikuwa Mashariki, ambako sarafu zilikuwa za madini ya fedha. Ujerumani ilipohamia dhahabu katika miaka ya 1870, ikamwaga fedha yake sokoni. Migodi ya magharibi mwa Marekani nayo ikaendelea kuchimbua nyingine. Bei ikashuka mwaka baada ya mwaka. Rupia ya India, ileile iliyozunguka Unguja na Mombasa, mwanzoni mwa miaka hiyo ilikuwa na thamani ya karibu shilingi mbili za Kiingereza. Kufikia 1892 haikufika hata moja na nusu.

Sasa chukulia benki ni yako. Unamkopesha mfanyabiashara rupia elfu kumi. Anakurudishia zote na riba juu, siku ileile mliyokubaliana, mtu mwaminifu, unamwagizia na chai. Halafu unazigeuza kuwa pauni ili umlipe mwenye amana wa London, unakuta umekula hasara. Hapana mwizi hapo, wala mkopaji aliyetoroka usiku na mizigo. Kila mtu amelipa, na benki inakufa.

Inapoumwa hivyo, benki huhitaji amana za kuziba pengo, na amana tamu kuliko zote ni ya muda maalumu: mteja anaongezewa riba kwa sharti kwamba pesa zake atazisahau kwa muda. Kipling alikuwa na za namna hiyohiyo. Alizisahau vizuri.

Meneja wa tawi, kwa upande wake, hukalia moto. Akimnong'oneza mteja mmoja tu ukweli, kufikia jioni foleni imezunguka jengo, na benki ambayo pengine ingepona inauawa na mnong'ono wake. Asiponong'ona, anamtazama kijana mwenye mke mjamzito akitoka mlangoni na hela ya mboga. Yule wa Yokohama alisema kadiri alivyoweza kusema: chukua zaidi. Kipling mwenyewe alikiri baadaye kwamba bwana yule alikwenda hadi ukingoni mwa uaminifu kwa mwajiri wake.

Hapa kicheko kinakauka kidogo. Mteja akiuvunja muda wa amana yake, anakatwa riba na kusomewa masharti kwa sauti ya mwalimu mkuu. Benki ikiuvunja, inabandika karatasi. Mwaka 1892 mwenye akiba alibaki kusubiri kwenye msururu wa wadai, mfilisi akipiga mahesabu taratibu na yeye mwenyewe akilipwa. Bima ya amana imekuja baadaye, na bado ina kipimo chake. Waliokuwa na pesa Imperial Bank nchini Kenya, Oktoba 2015, wanajua karatasi ya mlangoni inavyosomeka, na walikuta kilichokingwa ni shilingi laki moja kwa mtu. Aliyeuza shamba la baba yake akaweka milioni tano, alikingwa laki moja.

Tuwarudie maharusi, waliokaa kikao cha dharura cha watu wawili. Mali iliyobaki: pesa za asubuhi, nguo za masandukuni, na tiketi. Kipling anadai kikao kile kiliwafanya wafahamiane kuliko ambavyo miaka ya ndoa yenye pesa ingewafanya, Carrie hakuulizwa. Kisha akaenda ofisi ya Cook kuuliza safari zilizobaki zitarudishiwa kiasi gani. Akarudishiwa kila pauni, papo hapo, bila fomu wala njoo kesho. Kwa hiyo, katika mwaka huo wa 1892, pesa iliyowekwa benki iliyeyuka, na iliyotumbuliwa kwenye starehe ikarudi nzima. Wazee wanaosisitiza kuweka akiba hawaipendi hadithi hii.

Na nauli hiyo iwapeleke wapi? Hapa ndipo fungate inapopewa sifa isiyo yake. Ni kweli kwamba Februari ile, wakianza safari yao, walishukia Brattleboro, jimbo la Vermont, kwa shemeji Beatty. Baridi ilikuwa chini ya sifuri, wakavutwa na farasi juu ya theluji wakiwa wamejifunika ngozi za nyati, na mlima Monadnock ukaonekana kwa mbali. Kipling akapendezwa hadi wakachukua ardhi ya shemeji, kwa bei ya kishemeji, naye Beatty akajibakizia haki ya kukata majani. Lakini maharusi wangapi wameondoka Zanzibar wakitokwa machozi, wakaapa kurudi kuishi, na hadi leo wako kwao wanalipa mkopo wa gari? Hao wana pesa, ndiyo maana hawahami. Uzuri wa Vermont ulichagua mahali tu. Ufukara ndio uliokata shauri.

Wakarudi Vermont, wakapanga kijumba kiitwacho Bliss Cottage kwa dola kumi kwa mwezi. Kipling akanunua jiko kubwa la mitumba, akalisimika chini ya nyumba, akatoboa sakafu nyembamba ili joto lipande, na hakuwahi kuelewa kwa nini hawakuungua vitandani. Kuanzia Desemba hadi Aprili theluji ilifika usawa wa madirisha. Usiku wa Desemba 29 akazaliwa binti yao, Josephine, nje pakiwa na theluji ya futi tatu. Katika jokofu hilo ndimo Kipling alimobuni Mowgli, mtoto wa msitu wa India anayekwenda bila nguo.

Kulikuwa pia na ekari 20 za North Vancouver walizonunua, au walizodhani wamenunua. Walizilipia kodi ya ardhi kwa miaka mingi, kisha wakagundua zina mwenyewe. Walipouliza, waliambiwa kwamba kosa lilikuwa kununua kwa fulani, kila mtu anamjua fulani. Anayenunua viwanja kwa madalali hahitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1893 wakahamia nyumba yao wenyewe, Naulakha, ndefu kama meli, futi 90. Arthur Conan Doyle alikuja kuwatembelea. Kipling alikuwa akicheza gofu kwenye theluji kwa mipira iliyopakwa rangi nyekundu.

Shemeji alifilisika, bustani ya Carrie ikapandwa juu ya majani yake, na Mei 1896 Beatty akamtishia Kipling barabarani, Kipling akiwa ndiyo kwanza ameanguka na baiskeli. Mambo yakafika mahakamani, kesi ikajaa waandishi wa habari, na kabla mwaka haujaisha familia ilikuwa Uingereza.

Naulakha sasa ni ya Landmark Trust USA, inayoikodisha kwa wageni, na ukipenda unaoga katika beseni alilooga Kipling. Kodi ya usiku mmoja humo ingelipia Bliss Cottage kwa zaidi ya mwaka mzima.