Barua ya wazi kwa waheshimiwa wa chini ya mwembe

Waheshimiwa Mafundi,
Chini ya Mwembe,
Morogoro Mjini.

YAH: MAOMBI YA KURUDISHIWA THEMOSTATI YANGU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni yule mzee mwenye Hiace ya zamani, daladala iliyostaafu, niliyoing'oa viti vya nyuma nikaweka kitanda na jiko la gesi ili nami niwe napanda Mgeta kulala kwenye baridi kama mtalii. Mlicheka mpaka spana zikawadondoka. Tangu siku hiyo mnaniita mjomba, na kwa sisi Waluguru mjomba si neno la mzaha. Ndiye msemaji wa ukoo. Basi leo mjomba anasema.

Nilikuja kwenu na tatizo moja: gari linachemsha mlimani. Mkalifungua, mkatoa themostati, mkasema ni kizuizi. "Hii ya Ulaya, mjomba. Huku hakuna barafu." Nikawalipa kwa kunipunguzia mali yangu, na asante juu.

Wiki iliyofuata nikakata kona Sangasanga, nikapita Mzumbe, nikaanza kupanda. Mshale wa joto ulitulia chini kabisa, kama mkaguzi aliyekwisha kupewa chai. Nikasema moyoni, mafundi ni mafundi. Kabla ya Langali nikahisi kiti kinaniunguza. Hiace, kama mjuavyo, injini yake imelala chini ya makalio ya dereva, hivyo habari mbaya humfikia mhusika bila kupitia kwa katibu. Mvuke ukajaa ndani. Nilipoegesha, watoto wa pale walikuwa wamekwisha kukata matawi na kuyapanga barabarani, kwa utaratibu wa watu waliozoea kazi. Mshale? Bado uko chini. Kuchungulia, waya wa geji umechomolewa na kufungwa fundo safi. Nikawapigia simu, mkanijibu kwa upole: "Ule mshale ulikuwa unakusumbua, mjomba."

Nikangoja saa nzima injini ipoe, maana mfuniko wa rejeta haufunguliwi kwa pupa. Mwulizeni yeyote mwenye kovu. Nilipofungua, sikukuta mfuniko. Nilikuta mfuko wa nailoni uliokunjwa na kubanwa kwa waya. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Imesakwa masokoni na mipakani, kumbe mmoja wao umepata hifadhi ya ukimbizi kwenye rejeta yangu.

Waheshimiwa, mfuniko ule hauko pale kuzuia vumbi. Una springi, na ile 0.9 iliyochapwa juu yake ndiyo kipimo cha mgandamizo unaoyabana maji yasichemke hata yakikaribia nyuzi 115. Nailoni haina elimu hiyo. Bila mgandamizo, maji huchemka kwa nyuzi 100 pale Dar es Salaam, na kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza nyuzi 1. Ukifika mita 1,500 yanachemka kwa 95. Yaani gari langu lilikuwa linapika uji wakati injini yenyewe haijafikia joto la kulalamikia.

Turudi kwenye themostati. Injini kama yangu ina njia mbili za maji: njia kuu inayokwenda kwenye rejeta, na mchepuko unaoyarudisha kwenye injini bila kupoa. Joto likipanda, themostati hufungua njia kuu, na papo hapo kisahani chake cha chini huziba mchepuko. Mkiitoa, mchepuko unabaki wazi, na maji, kama baadhi ya waume, hufuata palipo rahisi. Kulikuwa na kampeni iliyotuambia kwamba michepuko si dili, tubaki njia kuu. Tulidhani inahusu Ukimwi. Kumbe walikuwa wanasema na nyinyi.

Nilipolalamika, mkuu wenu alinijibu kwa historia. Alisema themostati ni kama matuta ya mkoloni: imeletwa na watu wasioijua nchi hii, na mwaka 1955 Waluguru waliyakataa. Hoja nzuri, nusura nivue kofia. Lakini wazee wale waliyachimba matuta kwa kulazimishwa, wakaona udongo wa chini usio na rutuba umepanda juu na mazao yamedorora, ndipo wakagoma. Walikataa kitu walichokijua kwa jembe. Nyinyi themostati hamkuitia hata kwenye sufuria ya maji ya moto muone kama inafunguka.

Na udongo ule ambao matuta yalikusudiwa kuushika, ninao mimi. Mlisema kulanti ni maji ya rangi ya kuwaibia watu, na kwamba maji ya Uluguru yanatosha. Yanatosha kweli; Dar es Salaam inayategemea kupitia Mto Ruvu. Ila ndoo mliyomimina ilichotwa mtoni baada ya mvua, na rangi yake ilikuwa ya shamba la mtu. Sasa rejeta ina kutu ya kwake na robo eka ya Mgeta. Kulanti ingezuia walau hiyo kutu.

Hivyo naomba waya wa geji uunganishwe, hata ukinisumbua. Naomba mfuniko wenye springi. Na themostati yangu msiseme imepotea. Niliiona juzi imekandamiza kitabu cha risiti ambacho sijawahi kukiona kikifunguliwa. Kuhusu pendekezo lenu la kuchonga hedi, nimelipokea na linafanyiwa kazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mjomba wa Hiace
(Hedi imepinda, mimi bado)

Nakala: Watoto wa kona ya Langali. Jumamosi napanda tena, andaeni matawi.