Dunia Nzima Imo Dukani Kwangu

Zamani biashara ya nje ilikuwa na wenyewe. Kumpigia mtu wa Guangzhou ulilipa kwa dakika, na dakika yenyewe ilikutoa jasho. Salamu fupi, bei, idadi, kwaheri. Sisi wachache tuliokuwa na namba za viwandani tulikuwa tukikatiza Kariakoo kama mabwana harusi.

Mwaka 2003 Niklas Zennström na Janus Friis, pamoja na mafundi wao wa Estonia, wakatuletea Skype. Sauti ikawa inakatwakatwa vipande vya data, inasafiri njia moja na barua pepe, inaungwa upande wa pili. Umbali ukaacha kuhesabiwa. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ikatua Dar es Salaam, na 2015 WhatsApp nayo ikaanza kupiga simu. Tukaambiwa: mfanyabiashara mdogo sasa atashindana na dunia! Wakanyamaza kuhusu upande wa pili, kwamba dunia nayo itakuja kushindana naye humuhumu ndani ya fremu yake.

Juzi kaingia mama mmoja, kalipenda begi. Nikataja bei. Hakubishana, katoa simu, kaomba Wi-Fi yangu, nikampa. Kapiga simu ya video Guangzhou, kamera kaigeuzia begi langu.

"Hili hapa, kwenu bei gani?"

Sauti ikajibu kwa Kiswahili safi, tena bei ya aibu. Mama akanitazama. "Mzee, mbona mnatuumiza hivi?"

Nikaanza kumhesabia nauli ya meli, ushuru, mshahara wa kijana wa dukani. Nikachungulia kioo cha simu. Alikuwa wakala wangu mwenyewe, huyohuyo anayenifungashia mzigo!

"Shikamoo, mzee wangu," akasema, hana hata haya.

Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Huyo wakala ndiye anayenipigia saa kumi usiku, kwa kuwa kwao ni saa tatu asubuhi na ameshakunywa chai. Simu ikiwa haina gharama, haina mwisho. Ananiuliza hali yangu, ya mama watoto, ya mvua, ndipo aniambie kontena limechelewa. Enzi za kulipia dakika habari mbaya ilikuja peke yake, bila msafara.

Nina shemeji yangu Dubai, ananidai subira na mimi namdai hela. Nikimpigia WhatsApp, anasema kwao simu hizo zimezuiwa. Ni kweli, serikali ya kule imezibana miaka mingi. Ajabu yake, ujumbe wa kuniomba nimwongezee mtaji unaingia bila kukwama.

Na usidhani waliotuanzishia haya walisalimika. Microsoft iliinunua Skype mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, na Mei 2025 ikaizima.

Asiyeguswa ni mmoja tu: mwenye jengo. Bei za mabegi zinashuka kila mteja akiwasha simu, lakini fremu haipakiwi kwenye kontena, wala hakuna wakala wa Guangzhou wa kunitajia kodi nafuu. Yeye anadai ya miezi sita kwa mkupuo. Tena kuidai hapigi ya intaneti, anapiga ya vocha, nisije nikasingizia mtandao.