Fundi Hapokei Simu

Ukitaka kujua uchumi wa nchi umesimama wapi, usihangaike na taarifa ya habari. Mpigie simu fundi ujenzi. Akipokea upesi, akakuita bosi, akaulizia hali ya watoto mpaka ya mama mkwe, jua mtaani hela hakuna. Simu ikiita hadi ikakatika yenyewe, kisha ukaletewa ujumbe wa "niko saiti nitakucheki", jua kuna watu wanamwaga zege na wewe si mmoja wao.

Mimi ni mwalimu wa serikali na nina pagala langu Chanika, limeishia kwenye lenta. Ukuta umesimama, madirisha ni matundu, na pale panapotakiwa kuwa sebule pameota mpapai ambao siku hizi unazaa. Jirani huja kuchuma. Tukikutana huniambia, "Mwalimu, shamba linaendelea vizuri."

Simlaumu mtu kwa kuwa sina hela. Mshahara wa ualimu niliusaini mwenyewe. Kinachoniuma ni kwamba hela yangu ikija, huja siku moja na ya watu wengine wote.

Chukueni mwaka 2022. Mwezi Mei Rais Samia aliridhia kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kipande kwa asilimia 23.3. Sisi tuliokuwa juu ya hicho kima tulisubiri mpaka Julai, tukaiona nyongeza yenyewe, na ofisi ya walimu ikawa kimya kuliko chumba cha mtihani. Lakini mtaani hakuna aliyesikia maneno "kima cha chini". Mtaani walisikia 23.3. Mwenye nyumba ninayopanga alisikia. Dereva wa lori la mchanga alisikia. Muuza hadiwea alinipokea kwa mikono miwili: "Ticha, sasa si mnapaua?" Nondo yenyewe ilikuwa imeshapanda bei.

Nilipofoka, alinijibu kwa upole kwamba si yeye, ni vita vya Ukraine. Nilidhani ananitania. Chanika na Ukraine wapi na wapi? Kumbe Urusi na Ukraine ni wauzaji wakubwa wa chuma duniani, na wao wakipigana, nondo inasikia. Mafuta nayo yalikuwa juu, petroli Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, na katika ujenzi kila kitu husafiri kwa lori: mchanga, kokoto, tofali, saruji. Hivi ni vitu vizito vya bei ndogo, nauli ikipanda kidogo tu bei inapanda nayo. Nyongeza yangu ya Julai ilimezwa na lori kabla haijagusa bati hata moja. Fundi, bila shaka, alikuwa saiti.

Wenye busara zao huniambia: "Mwalimu, jenga wakati watu hawajengi. Vifaa vinashuka, fundi anabembelezeka." Ushauri mzuri sana, kasoro yake ni moja. Wakati watu hawajengi, mimi ni mmoja wa hao watu.

Nani amesahau vyuma vilivyokaza? Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kupandisha watumishi madaraja ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Sisi tusio hewa tukaishi kwa hewa. Enzi hizo fundi wangu alikuwa ananipigia yeye, tena alfajiri, kabla sijanywa chai: "Bosi, tunaanza lini? Bei tutaelewana, hata kidogo kidogo." Nikawa mimi ndiye siipokei simu.

Halafu akapotea, na mimi hali yangu bado ni ile ile. Kumbe kaenda Dodoma. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia huko, na serikali haihami kwa begi. Ikihama wizara, karani anahama. Karani anataka chumba. Mwenye kiwanja kule anaona kheri ajenge vyumba vya kupangisha. Na vyumba havijengwi na karani. Mwaka uliofuata reli ya SGR ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam, nayo ikawa inakula zege usiku na mchana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vyuma haviwakazi watu wote kwa spana moja. Mtu binafsi akifunga mkoba, serikali huweza kuwa imefungua wake, na fundi hana uaminifu kwa lenta ya mtu. Anaufuata mkoba uliofunguliwa.

Shemeji yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Masasi, na yeye wala hajali Dodoma wanasema nini. Yeye anatazama korosho. Minada ikienda vizuri mwisho wa mwaka, wakulima wakilipwa, bati zinatoka dukani kabla hazijapangwa. Korosho ikilala, bati nazo zinalala. Msimu wa 2018 wakulima na wanunuzi walivutana juu ya bei, mpaka Novemba serikali ikatuma jeshi kwenda kubeba korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mkulima akawa anasubiri uhakiki ndipo alipwe, shemeji akawa anamsubiri mkulima, na mimi, niliyekuwa nimemwomba shemeji aniazime hela ya mbao, nikawa nawasubiri wote wawili. Nadhani mimi ndiye mwalimu pekee wa Dar es Salaam ambaye kenchi zake zilikwamia kwenye ghala la korosho.

Wapo wanaosema ninunue vifaa kidogo kidogo nivitunze. Saruji haitunziki, inanyonya unyevu, na ukichelewa unamiliki mawe yenye umbo la mfuko. Mchanga nilioumwaga kabla ya masika ulihamia kwa jirani yule yule wa mapapai. Nondo zina miguu, hasa usiku.

Wapo pia wanaosema nikakope. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kutangaza riba yake, asilimia 5.5, nikapiga pasi shati nikaenda benki ya biashara. Riba niliyotajiwa pale ilikuwa inakaribia mara tatu ya ile. Yule kijana wa mikopo alinieleza kwa adabu kwamba ile ya redioni ni ya mabenki, mwalimu, siyo yako. Nje ya benki kuna wale wa kausha damu, ambao hawana fomu nyingi, lakini nao nimesomesha watoto wao, siwezi kuwapa nafasi ya kulipiza kisasi. Ndiyo maana wengi wetu tunajenga kwa taslimu, tofali kwa tofali, na ndiyo maana kila hela inapotikisika mtaa mzima unasimama kwenye lenta kwa pamoja.

Na ukisema usubiri mambo yatulie, bajeti inakuja. Ile ya Juni 2023 iliiwekea saruji ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa kila mfuko wa kilo 50. Sheria ilikuwa ianze Julai. Duka ninaloendea mimi ni la wazalendo: lilianza kuitekeleza jioni ile ile ya hotuba.

Juzi fundi alikuja mwenyewe kuangalia kazi, jambo ambalo lilinitia wasiwasi juu ya hali ya nchi. Alipapasa lenta, akachuma papai, akakaa juu ya tofali. Katika mazungumzo akaniambia kwamba yeye pia ana kiwanja, huko Kongowe, na hajavuka msingi. Nilishangaa. Fundi mzima, mwiko wako, pima maji yako, unashindwa nini?

"Mwalimu," akasema, "kazi zikiwa nyingi nina hela, ila sina muda hata wa kunyoa ndevu. Kazi zikikatika nina muda kutwa nzima, ila hela ya saruji sina."

Nikamwambia mbona jawabu ni jepesi: siku akiwa na hela, amweke fundi mwenzake amjengee huku yeye yuko saiti.

Alicheka mpaka papai likamdondoka. "Mafundi wa mji huu? Mwalimu, bei zao unazijua wewe?"

Akajifuta mikono, akanitajia bei ya kupaua.