Jinsi ya Kupata Maji Yenye Samaki Kati ya Butembo na Beni

Ndoana iache nyumbani kwanza, uende sokoni. Anayeanzia mtoni Butembo hupoteza asubuhi nzima akitazama maji mazuri yasiyo na kitu, na anayeanzia kwa akina mama wauza samaki hurudi na ramani kichwani. Salimia, nunua hata kidogo, kisha uliza: huyu ametoka wapi? Tilapia mbichi wengi wamepanda na pikipiki kutoka Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edouard. Samaki wa chumvi huenda ametoka Vitshumbi, upande wa kusini wa ziwa hilohilo. Kapitene, ambaye Wakenya na Watanzania humwita sangara, hakutoka Edouard hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake. Huyo ni samaki wa Ziwa Albert, na maporomoko ya mto Semuliki yamemzuia kupanda hadi huku. Mnunue ukimpenda, ila usiende kumtafuta mahali asipoishi.

Ukishajua samaki wanakotoka, tazama mteremko. Butembo imekaa juu, mita zaidi ya 1,700, kwenye milima inayogawa maji ya Afrika. Mvua ya upande wa mashariki inashuka kuelekea Edouard na Semuliki, inapita Albert, na safari yake inaishia Misri. Ya magharibi inaingia msituni na kuufuata mto Kongo hadi Atlantiki. Majirani wawili wanaweza kumwaga maji ya kunawia asubuhi moja, na maji hayo yasikutane tena ila baharini. Kwa mvuvi maana yake ni kwamba yuko mahali mito inapozaliwa. Vijito ni vyembamba, vya baridi, vina haraka, na ukivizia sana utapata vijisamaki vya urefu wa kidole na kaa wa mtoni. Waachie watoto, nao wanahitaji mahali pa kujifunzia. Mto Kimemi unaokatiza mjini usiutie ndoana kabisa, kwa kuwa umebebeshwa taka za mji mzima. Mwenye hamu ya kuvua Kimemi aanze kwa koleo na kikapu, asafishe, na mimi nitakwenda kumsaidia.

Wala usidanganyike na uzuri wa mto Butahu kule Mutwanga. Unashuka kutoka Ruwenzori, mweupe kwa povu, na tangu 2013 unazungusha mashine za umeme. Nguvu inayoifurahisha turubini humchosha tilapia. Yeye hupenda maji ya uvuguvugu yanayotulia, na yakipoa sana huacha kukua.

Basi shuka ziwani, lakini shuka kwa heshima, kwani ni mahali pachache duniani penye habari ndefu za uvuvi kama hapa. Ishango, pale Semuliki inapotoka Edouard, inajulikana kwa mfupa wenye mikwaruzo ya kuhesabia uliochimbuliwa na Mbelgiji Jean de Heinzelin mwaka 1950. Wengi husimulia hesabu tu na kusahau kwamba ardhi hiyohiyo ilitoa vichwa vya chusa vya mfupa. Kilomita chache chini ya mto, mahali paitwapo Katanda, Alison Brooks, John Yellen na wenzao walipata chusa zenye meno ya kunasia, zilizochongwa kwa ustadi, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Walipotangaza matokeo mwaka 1995 walikadiria umri wa chusa hizo kuwa kama miaka 90,000. Mifupa ile ilikuwa ya kambare waliokomaa, na hilo linaonyesha kwamba wavuvi wale walijua majira: mvua zikianza, kambare hutoka kwenye kina na kwenda kutaga kwenye maji mafupi yaliyofurika, ambako hata mtu asiye na mtumbwi anaweza kumfikia. Mtu wa Butembo akikuambia uvuvi si kazi ya watu wa milimani, mpeleke Ishango.

Tatizo ni kwamba sisi tumerithi ujuzi wa majira na kuongeza nyavu. Mtu mwenye chusa humpata kambare mmoja kwa mkono mmoja. Wavu wa macho madogo, au chandarua kilichoombwa kwa ajili ya malaria, hubeba kizazi kizima. Tilapia wa Edouard hulea watoto mdomoni. Jike hukusanya mayai, huyatunza humo hadi yaanguliwe, na vifaranga hukimbilia mdomoni tena wakiogopa. Anayemtoa jike huyo kando ya matete ametoa mamia na kulipwa bei ya mmoja. Kwa hiyo swali la kumuuliza mvuvi si wapi wanashika sana, ni wapi wanaacha. Ziwa ambalo wenyeji wake wanaweza kukuonyesha kwa kidole sehemu isiyoguswa ndilo ziwa zuri.

Edouard karibu yote ya upande wa Kongo iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Makazi ya wavuvi yanayoruhusiwa ni matatu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Tafuta ruhusa huko, na panda mtumbwi na mtu aliyezaliwa hapo. Atakuonyesha njia za viboko, ambao wamewahi kuwa maelfu kwa maelfu kabla ya bunduki kuwamaliza karibu wote. Kiboko akitokea, mpishe. Yeye hana haja ya kibali, na kinyesi chake ndicho mbolea ya maji unayoyavua. Mwenyeji pia anajua mpaka wa Uganda unakopita katikati ya maji matupu, mpaka ambao umewapeleka wavuvi wengi gerezani.

Kuna maji ambayo sitakuelekeza. Kaskazini ya Beni, kuelekea Mbau, Oicha na daraja la Semuliki, pana mito ya msituni ambayo wazee huisifia kwa kambare. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya huko vimezika watu wasiohesabika waliouawa katika mashambulizi, na mwezi Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania waliuawa kwenye kambi yao karibu na mto Semuliki. Watu wa huko wanautamani mto wao kuliko mgeni yeyote. Ngoja waurudie wao kwanza.

Yanabaki maji ninayoyapenda kuliko yote, nayo yako mabondeni kando ya njia: mabwawa ya samaki, etangi, yaliyochimbwa kwa jembe. Mwenye bwawa hapiti kizuizi cha barabarani kumfuata samaki wake. Ukitafuta bwawa la kuvulia kwa malipo, au pa kuchimba lako, chovya mkono hadi kiwiko. Kiganja kikipotelea kwenye rangi ya kijani, maji yana chakula. Ukikiona chote, mwambie mwenyewe aongeze samadi na majani yaliyooza kwenye kona. Kisha tazama mfereji. Butembo wengi huacha maji yaingie mchana kutwa wakidhani wanafanya wema, kumbe wanawapoza samaki na kusomba mbolea. Punguza, yaingie ya kujaza tu yaliyopungua, jua lifanye kazi yake. Lisha jua likishapanda: majani ya muhogo, pumba, mchwa wakipatikana. Beni, iliyo chini kwa mita mia kadhaa na yenye joto, samaki hukua haraka zaidi, na mtu wa Butembo hana sababu ya kuona haya akingoja miezi ya ziada.

Tilapia wakiachwa huzaana hadi bwawa lijae vijisamaki visivyokua. Tia kambare wachache wale vifaranga, lakini baada ya tilapia kupata mwili, na inua kingo, maana usiku wa mvua kambare hutoka akatembea kwenye nyasi hadi kwa jirani.

Siku ya kuvua, fungua maji alfajiri, polepole. Weka kando majike na madume wenye mwili kwa ajili ya mbegu, uza wakubwa palepale ukingoni kabla hujalipa pikipiki ya sokoni, na umpe fungu jirani wa chini ya mfereji, kwa kuwa tope lako lote linapita kwake.