Kipimo cha Zizi: Uchunguzi wa Ucheshi wa Runinga Kisii na Nyamira

Ubora wa vipindi vya runinga hupimwa kwa njia nyingi, na wenye vituo huipenda zaidi ile ya kuhesabu watazamaji, kwa kuwa hesabu hiyo ndiyo inayoleta matangazo ya biashara. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, hata hivyo, kipo kipimo kingine kisichohitaji mtambo wowote, nacho ni kuhesabu mara ambazo mwenye boma, kati ya taarifa ya habari ya saa moja na saa ya kulala, huinuka kitini, akakohoa, kisha akatangaza kwamba anakwenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe huyo, ambaye aghalabu hufungwa zizini na kuletewa nepia, hana mahali pa kwenda wala jambo jipya la kuonyesha. Kwa hiyo kila safari ya ziada ya kumwangalia ni hukumu dhidi ya kipindi kilichokuwa kikiendelea.

Msingi wa kipimo hiki ni chinsoni, neno la Ekegusii lenye maana ya haya na kustahiana, ambalo hukusanya kanuni zinazoamua nani asikie au atazame nini mbele ya nani. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Gusii katikati ya miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu kuhusu kanuni hizo: baba na mwanawe aliyetahiriwa hawajadili mambo ya unyumba, baba haingii katika nyumba ya mwanawe, na wakwe huachiana nafasi, ilhali babu na nyanya wana ruhusa ya kutaniana na wajukuu wao. Runinga ilipokuja iliwaketisha wote hao mbele ya kioo kimoja, katika sebule moja yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na fundi wa nyumba, ambaye hakushauriwa kuhusu chinsoni, mara nyingi aliuweka mlango upande ule ule wa runinga, hata ikawa anayekimbia picha ya aibu hana budi kupita mbele yake.

Katika enzi ya Sauti ya Kenya, shirika lililopewa jina la KBC mwaka 1989, kipimo cha zizi kilikaribia sufuri. Runinga iliyojulikana sana vijijini ilikuwa Great Wall ya picha nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari, na betri yenyewe ilibebwa hadi sokoni ikachajiwe, kwa hiyo kila dakika ya kutazama ilikuwa na gharama na hakuna aliyewasha ili kusikia kelele tu. Kilichotazamwa kilistahili safari hiyo. Katika Vioja Mahakamani mshtakiwa alijitetea kwa uongo uliojifunga wenyewe kadiri alivyouendeleza, na katika Vitimbi Mzee Ojwang' alipanga hila ambazo Mama Kayai alizinusa kabla hazijaiva, yote hayo kwa Kiswahili ambacho nyanya na mjukuu walikielewa kwa pamoja. Baba, mkaza mwana na watoto walicheka kwa wakati mmoja, na hakuna aliyelazimika kujua kama mwenzake amecheka kwa sababu tofauti.

Mtu pekee aliyetoka nje wakati huo alikuwa mvulana wa kuzungusha aeriali, ambayo ilifungwa juu ya mlingoti wa mkaratusi ili ipate mawimbi yaliyokuwa yakizuiwa na milima. Maagizo yalimfikia kupitia kwa watu watatu, mmoja akiwa mbele ya kioo, wa pili mlangoni na wa tatu uani, na neno "hapo hapo!" lilipomfikia alikuwa amekwisha kupita hapo. Mvulana wa namna hiyo aliweza kuifuata Vitimbi mwaka mzima kwa masikio tu, akicheka nyuma ya wenzake kwa muda ule ule ambao mzaha ulihitaji kusafiri kutoka sebuleni hadi kwenye mlingoti. Mvua ya alasiri, ambayo katika nyanda hizi huja na radi nyingi, ilipokaribia, alikuwa wa kwanza kukumbuka kwamba ana kazi ya shule.

Safari za zizini zilianza kuongezeka katika miaka ya 1990, baada ya kituo cha kwanza cha binafsi, KTN, kuanzishwa mwaka 1990, na baada ya tamthilia za Mexico zilizotiwa sauti za Kiingereza kuzoeleka nchini. Tamthilia hizo zilitegemea busu, na busu lilikuwa na tabia ya kuja wakati betri za rimoti zimekwisha, hivyo baba aliyeibonyeza mara nne bila mafanikio hakubakiwa na lolote ila ng'ombe. Alipovuka mbele ya kioo, mgongo wake uliwakinga wanawe na aibu kwa sekunde mbili kamili, na huo ndio ulikuwa udhibiti wa maudhui uliofanikiwa zaidi katika historia ya utangazaji wa Kenya.

Ucheshi wenyewe, ambao ungetarajiwa kumrudisha baba sebuleni, ulikuwa nao umeanza kupungua unene. Ni kweli kwamba lafudhi, yaani namna sauti za lugha ya kwanza zinavyojitokeza mtu anapozungumza lugha nyingine, imetumika tangu zamani: Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang' na kufariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza kama Mjaluo, lakini kwake lafudhi ilikuwa vazi la mhusika, na ndani ya vazi hilo palikuwa na mtu. Vivyo hivyo, kundi la Redykyulass, ambamo Walter Mong'are, maarufu kwa jina la Nyambane na mwenye asili ya Gusii, aliiga sauti ya Rais Moi wakati Rais huyo angali madarakani, lilithibitisha kwamba kuiga sauti kunaweza kuhitaji ujasiri. Siku hizi vazi hubaki bila mtu. Kwa kuwa Ekegusii haina sauti ya l, na hata neno la shule lilipoazimwa kutoka Kiingereza likawa "esukuru", mchekeshaji anayetaka Mkisii huvaa koti kubwa, hupaza sauti, hugeuza kila l kuwa r, na hapo kazi ya uandishi imekwisha. Mtazamaji wa Nyamira hucheka mara ya kwanza kwa ukarimu na mara ya pili kwa subira. Mara ya tatu huuliza huyo ni mtu wa wapi, maana nyumbani kwake hakuna azungumzaye hivyo isipokuwa mtoto anayeiga runinga.

Pengo la mzaha hujazwa kwa kicheko kilichorekodiwa, ufundi ulioendelezwa na mhandisi Mmarekani Charles Douglass katika miaka ya 1950, ambao humwezesha mtazamaji kujulishwa kwamba amechekeshwa. Matokeo yake katika nchi ya chai hayakuwahi kuchunguzwa ipasavyo, kwani nyanya aliye jikoni, akisikia vicheko vya watu hamsini sebuleni, huongeza maji na majani katika sufuria, na familia ya watu sita hulazimika kunywa chai ya kijiji.

Wachumi wa utangazaji wangeeleza kwamba uhamaji kutoka analogi kwenda dijitali mwaka 2015 uliongeza vituo bila kuongeza pesa za matangazo, kwamba mkate mmoja ukikatwa vipande vingi kila mmoja hupata kidogo, na kwamba mtu mmoja mwenye maikrofoni ni nafuu kuliko mahakama nzima yenye hakimu, karani na mashahidi. Maelezo hayo yanaridhisha, ila hayaelezi jambo lililojitokeza hivi karibuni zizini, ambalo ni kwamba hesabu ya safari imeshuka tena na kurudi karibu na sufuri.

Kushuka huko hakutokani na vipindi kuwa bora. Baba wa leo haondoki sebuleni kwa sababu hakuketi humo. Tangu jioni yuko zizini na simu yake, akitazama video fupi za wanaume waliovaa wigi na leso wakiigiza akina mama, video zile zile ambazo wanawe wanazitazama chumbani kila mmoja kwa simu yake. Mara kwa mara kicheko chake hupenya hadi ndani, na akiulizwa kulikoni hujibu kwamba ng'ombe amekohoa. Chinsoni imehifadhiwa kikamilifu, kwani hakuna atazamaye chochote mbele ya yeyote, isipokuwa ng'ombe, ambaye analazimika kutazama kila kitu na hana zizi jingine la kwenda.