Fundi na Meza Zake Tisa

Hongera, fundi wa Linux. Kompyuta moja, skrini moja, meza tisa za kidijitali (workspaces): barua pepe meza ya kwanza, kivinjari ya pili, taminali ya tatu, na kuendelea hadi muziki. Kila dirisha lina kwao. Sisi tunaorundika yote mahali pamoja umetuhurumia vya kutosha.

Ila ukizima na kuwasha, wakazi wote wanajazana meza ya kwanza.

Usiseme hakuna dawa. Ukitumia i3, programu ya kupanga madirisha, amri ya i3-save-tree itakuhifadhia mpangilio. Ukiurejesha, utapata fremu tupu, kila moja imekaa mahali pake barabara, ikisubiri programu utakayoifungua wewe. Yaani viti vimepangwa, wageni kawaite mwenyewe.

Ukaona uandike skripti: fungua kivinjari, subiri sekunde 5, kisha amri ya wmctrl ikihamishie meza ya pili. Kwa nini 5? Kwa sababu 3 hazikutosha. Ikaenda vizuri hadi ulipohama X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, ukaingia ule mpya wa Wayland, ambako programu haipewi ruhusa hivi hivi ya kusogeza madirisha ya nyingine. Eti usalama. Skripti yako sasa inasubiri sekunde 5, halafu haifanyi kitu.

Imebaki dawa moja usiyoitangaza: kompyuta haizimwi, inalazwa tu. Ukiulizwa, unajibu kwa maringo kwamba Linux haina haja ya kuzimwazimwa. Kweli kabisa, fundi. Nani angethubutu?